Sigara ya umeme Lubumbashi: anayetaka kubadilisha kifaa atafute mlango wa kutokea

Kijana anafika mbele ya muuzaji katikati ya mji wa Lubumbashi. Mkononi ana kifaa kidogo cha rangi, chenye harufu ya embe, ambacho kimekwisha nguvu. Hataki kingine cha namna ile. Anasema kile cha kwanza hakimshibishi tena, kinaisha haraka, na marafiki zake wana kikubwa chenye kutoa moshi mwingi. Swali lake ni fupi: sasa apande kwenye kipi?

Jibu la muuzaji nalo linajulikana. Atamwonyesha chenye betri kubwa zaidi, moshi zaidi, ladha zaidi, na bei ya juu zaidi. Ni kazi yake, na hakuna wa kumlaumu kwa kuuza. Lakini jibu hilo linamsaidia muuzaji kabla ya kumsaidia mnunuzi. Neno «kupanda» lenyewe lina mtego. Katika sigara ya umeme, hatua nzuri mara nyingi ni ile ya kushuka.

Na kabla ya kuzungumza juu ya kifaa, kuna swali ambalo halipashwi kurukwa: huyu anayeuliza alikuwa mvutaji wa sigara ya tumbaku, au hakuwahi kuvuta kitu chochote kabla ya embe hiyo? Kwa watu hawa wawili jibu haliwezi kuwa moja.

Kifaa chenyewe ni nini

Sigara ya umeme si mchezo uliobuniwa juu ya vijana. Iliyo mfano wa hizi za leo ilitengenezwa mwaka 2003 na mfamasia wa China, Hon Lik, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mvutaji na baba yake alikufa kwa kansa ya mapafu. Wazo lake lilikuwa kumpa mvutaji nikotini bila kuunguza tumbaku. Ndani ya kifaa kuna vitu vitatu tu: betri, waya mdogo unaopata moto, na kimiminika chenye nikotini na ladha. Waya ukipata moto, kimiminika kinageuka mvuke, na mtu anauvuta.

Vijana wanaita kile cha kutupa «puff», kwa Kifaransa. Mtu akilitamka jina hilo kwa Kiswahili anasikia neno lingine, pafu, kile kiungo ambacho kinapokea mvuke huo wote. Jina limejisema lenyewe.

Madukani kuna ngazi nne. Ya kwanza ni hicho cha kutupa: kimejazwa kiwandani, kikiisha kinakwenda jalalani. Ya pili ni kidogo cha kujaza: betri yake inachajiwa kwa waya kama simu, na kikopo chake kinajazwa tena au kinabadilishwa. Ya tatu ina umbo la kalamu nene, yenye kitangi na waya wa moto unaobadilishwa. Ya nne ni ile ya sanduku, yenye betri moja au mbili zinazotolewa, na kioo kidogo kinachoonyesha wati. Hiyo ya nne ndiyo inayotoa wingu la moshi linalopigwa picha na kutumwa kwenye WhatsApp.

Mtu akiangalia haraka ataona ni kama simu: kutoka ile ya vibonyezo hadi ile ya kioo kikubwa. Ndipo kosa linapoanzia. Simu kubwa inafanya kazi nyingi zaidi. Sigara kubwa ya umeme inafanya kazi ileile moja, ya kuingiza nikotini mwilini, ila kwa nguvu zaidi.

Kwa yule ambaye hakuwahi kuvuta

Wahenga walisema mwonja asali haonji mara moja. Nikotini ni asali ya namna hiyo, ila haina lishe. Kijana anaposema kifaa chake cha kwanza «hakimshibishi tena», hasemi juu ya ubaya wa kifaa. Anasema juu ya mwili wake. Mwili umezoea kipimo cha mwanzo na unadai kingine cha juu. Kumpa kifaa chenye nguvu zaidi wakati huo ni kama kumpa mwenye deni mkopo mwingine wa kulipia ule wa kwanza.

Hesabu si ngumu. Kwenye maboksi ya vifaa vya kutupa huandikwa 2% au 5%. Alama ya 2% ni miligramu 20 za nikotini katika kila mililita, na 5% ni miligramu 50. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inakataza kuvuka miligramu 20 kwa mililita, na kitangi hakipashwi kubeba zaidi ya mililita 2. Kwa hiyo kifaa kinachofuata sheria hiyo kina miligramu 40 za nikotini, na si zaidi. Kifaa cha 5% chenye mililita 10 kina miligramu 500. Sigara moja ya kawaida inaingiza mwilini karibu miligramu 1 hadi 2. Hata kama nikotini yote ya kwenye mvuke haiingii mwilini, kila mzazi anaweza kuona kwamba kitu hicho chenye harufu ya pipi si pipi.

Ubongo wa kijana unaendelea kujengeka hadi karibu miaka 25, na nikotini inauzoesha mapema kuitegemea. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zote zichukue hatua za haraka kuwalinda watoto na vijana, likitaja hasa ladha na matangazo ya kwenye mitandao. China yenyewe, inayotengeneza sehemu kubwa kabisa ya vifaa hivi katika mji wa Shenzhen, ilikataza tangu tarehe 1 mwezi wa kumi mwaka 2022 kuuza ndani ya nchi yake zile zenye ladha za matunda na pipi. Za kupeleka ng'ambo hazikuguswa. Anayetengeneza chakula akikataza watoto wake wasikile, jirani apashwa kujiuliza kabla ya kuosha mikono.

Kwa hiyo kwa kijana huyu hakuna ngazi ya pili wala ya nne. Hatua yake ni kuacha sasa, wakati kifaa kimekwisha na kabla hajatoa pesa nyingine. Siku chache za kwanza atakuwa na hasira ndogo-ndogo, usingizi mbaya na hamu inayokuja na kuondoka. Hamu hiyo haidumu dakika nyingi kila inapokuja. Akingoja hadi awe na kifaa cha sanduku na mwaka mzima wa mazoea, kazi itakuwa kubwa zaidi.

Kwa yule aliyekuwa mvutaji wa tumbaku

Mtu wa pili ni tofauti, na haki inadai aambiwe ukweli wake. Baba wa miaka arobaini aliyevuta pakiti moja kila siku kwa miaka ishirini, kisha akapata kifaa cha umeme na kupunguza, hastahili kuchekwa wala kutishwa. Tumbaku inapoungua inatoa lami na kaboni monoksidi, na huo moshi ndio unaoua wavutaji kwa wingi. Sigara ya umeme haiunguzi tumbaku. Hiyo haimaanishi kwamba ni salama. Inamaanisha kwamba kwa mvutaji wa muda mrefu ni ubaya mdogo kuliko ule alio nao.

Kuna ushahidi. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wavutaji 886 waliotaka kuacha. Baada ya mwaka mmoja, 18% ya waliopewa sigara ya umeme walikuwa wameacha tumbaku, na kwa waliopewa dawa za nikotini kama vibandiko na ubani wa kutafuna walikuwa 9.9%. Ni karibu mara mbili. Lakini jaribio hilohilo lina upande wa pili ambao wauzaji hawautaji: kati ya wale waliofaulu kwa sigara ya umeme, 80% walikuwa bado wanaitumia mwaka ulipokwisha. Walikuwa wametoka nyumba moja na kukaa barazani.

Na watu wale hawakupewa wingu. Walipewa kifaa cha kujaza, na mtu wa kuwafuata kwa wiki kadhaa. Huo ndio mfano wa kufuata. Kwa mvutaji wa Lubumbashi anayetaka kuacha kifaa cha kutupa, chaguo lenye maana ni ngazi ya pili au ya tatu: kidogo, cha kujaza, chenye waya wa moto wa omu 1 au zaidi, kinachovutwa taratibu kama sigara ya kawaida. Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni pesa. Kifaa cha kutupa kinamlazimisha mtu kununua betri mpya kila anapotaka kimiminika kipya. Ni kama kununua jiko jipya kila makala inapokwisha. Kifaa cha kujaza ni ghali siku ya kwanza, na baadaye mtu analipa chupa na waya wa moto tu. Familia inayohesabu unga wa bukari kwa kila wiki itaona tofauti kabla ya mwezi kwisha.

Ya pili ni kipimo. Katika kifaa cha kujaza mtu anachagua kiasi cha nikotini mwenyewe, na anaweza kukishusha: 20 kwa miezi miwili, kisha 12, kisha 6, kisha 3, kisha sifuri. Kifaa cha kutupa hakina ngazi ya kushukia.

Ya tatu ni kwamba wingu kubwa linadanganya hesabu. Mwenye kifaa cha sanduku atasema anavuta miligramu 3 tu kwa mililita, kwa hiyo amepunguza. Akitumia mililita 10 kwa siku, amepitisha miligramu 30. Mwenye kifaa kidogo cha miligramu 20 anayetumia mililita 2 amepitisha 40. Namba kwenye chupa imeshuka karibu mara saba, na nikotini haikushuka hata kwa nusu. Pamoja na hayo ameongeza mara tano kimiminika na ladha zinazochemshwa na kuingia kifuani. Na mwenye kukosea zaidi ni yule anayetia kimiminika cha miligramu 50 ndani ya kifaa cha wati nyingi: huyo ataona kichefuchefu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio.

Betri na umeme wa Lubumbashi

Anayesisitiza kuchukua kifaa cha sanduku apashwa kujua anachobeba. Betri yake ya kawaida inaitwa 18650, kwa sababu ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ikijaa ina volti 4.2. Waya wa moto wa omu 1.2 unaivuta ampea 3.5, na betri nzima inavumilia bila shida. Waya wa omu 0.2 unaivuta ampea 21. Betri nyingi za namna hiyo hazikutengenezwa kwa nguvu hiyo, hasa zile zilizotolewa ndani ya kompyuta zilizokufa, zikavalishwa karatasi mpya na kuandikwa namba kubwa. Betri iliyolazimishwa inapata moto, inavimba, na inaweza kulipuka, nayo inakaa mfukoni au karibu na mdomo.

Kuna desturi tatu zinazozuia hatari nyingi. Betri ya akiba haiwekwi mfukoni pamoja na funguo au vipande vya chuma, kwa sababu chuma kikigusa ncha zake mbili umeme wote unatoka kwa mara moja. Ikae katika kisanduku chake cha plastiki. Betri iliyochanika karatasi yake ya nje haitumiwi tena. Na kifaa hakichajiwi usiku mtu akiwa amelala.

Hili la mwisho lina uzito zaidi katika mji ambamo umeme unakatika na kurudi bila taarifa. Katika kata nyingi watu wanaacha vitu vyote vimechomekwa ili umeme ukirudi saa nane za usiku vijichaji vyenyewe. Kwa simu nzuri yenye chaja yake, mara nyingi hakuna linalotokea. Kwa kifaa cha bei ya chini, kilichochomekwa kwenye chaja ya simu yenye nguvu kuliko inavyoombwa, juu ya godoro, umeme ukirudi kwa kishindo, ni kuomba moto uingie nyumbani.

Ya chupa nayo isisahauliwe. Kimiminika kisicho na jina la mtengenezaji, kiasi cha nikotini na tarehe ya mwisho si cha kununuliwa, hata kama bei ni nzuri. Mwaka 2019 Marekani ilishangazwa na ugonjwa wa mapafu uliowalaza hospitali watu 2,807 na kuua 68, kwa hesabu ya mwezi wa pili mwaka 2020. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi wao walivuta vimiminika vya bangi vilivyouzwa kwa njia za panya, na kwamba mafuta yanayoitwa vitamini E asetati, yaliyoongezwa ili kimiminika kionekane kizito, ndiyo yaliyohusika zaidi. Fundisho lake ni rahisi kwa Lubumbashi: mafuta hayavutwi, na kilichochanganywa nyuma ya duka hakijulikani. Na chupa ya nikotini inyweshwe mtoto mdogo kwa bahati mbaya, hata kidogo, inaweza kumuua. Mahali pake ni juu, pamoja na dawa na sumu ya panya.

Kobalti inayorudi kama takataka

Kuna jambo lingine ambalo katika mji huu linagusa kuliko kwingine. Aina nyingi za betri za lithiamu zinatumia kobalti, na Kongo inatoa karibu sehemu saba kwa kumi za kobalti yote inayochimbwa duniani, sehemu kubwa ikitoka Lualaba na Haut-Katanga. Malori yanaipeleka kupitia Kasumbalesa hadi bandari za Durban na Dar es Salaam, inasafishwa China, inawekwa ndani ya betri. Kisha sehemu yake ndogo inarudi Lubumbashi ndani ya kifaa chenye harufu ya embe, inatumiwa siku chache, na kutupwa mtaroni. Mvua ikija, mtaro unaisukuma mtoni.

Mwaka 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kupeleka kobalti nje ya nchi tangu mwezi wa pili, na kuanzia mwezi wa kumi ikaweka mgao wa tani, ili bei isiendelee kuanguka. Viongozi walieleza kwamba mali hii ni ya thamani na haipashwi kutolewa ovyo. Ni kweli. Lakini nchi inayohesabu tani zake mpakani na kuacha betri zake zioze mitaroni inafunga mlango wa mbele na kuacha dirisha wazi. Na betri hizo za kutupa hazijafa zinapotupwa. Nyingi ni za namna inayoweza kuchajiwa mamia ya mara. Zimenyimwa tu tundu la kuchajia.

Wengine wameshaamua. Ubelgiji ilikataza kuuza sigara za umeme za kutupa tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka 2025, ikiwa ya kwanza katika Umoja wa Ulaya. Ufaransa ikafuata mwezi wa pili, na Uingereza tarehe 1 mwezi wa sita. Uingereza ilikuwa inatupa karibu milioni 5 za vifaa hivyo kila wiki mwaka 2023. Wakaaji wa Lubumbashi wanaojua biashara ya nguo za mitumba wanaelewa hatari: mzigo uliofungiwa mlango Ulaya unatafuta mlango mwingine, na milango ya Afrika haina bawabu.

Na historia ina kejeli yake. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, ikajenga mji huu kuzunguka shaba, na mnara wake na mlima wa mabaki yake vinaonekana hadi leo. Shina lake la Ubelgiji lilibadilisha jina mwaka 2001 na kuitwa Umicore. Leo, huko Hoboken karibu na Antwerp, kampuni hiyo inayeyusha betri kuukuu na kutoa ndani yake kobalti, nikeli na shaba. Wajukuu wa wale waliochimba Katanga wanachimba sasa takataka za Ulaya, na wanalipwa. Lubumbashi, yenye chuo kikuu, viwanda vya kusafisha madini na mafundi wanaojua kufungua kila simu, bado inatupa.

Viongozi wafanye nini

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo. Sigara za tumbaku zinauzwa moja moja kwenye kila kona, hata kwa mtoto aliyetumwa na baba yake. Vumbi la migodi nalo linaingia katika mapafu ya watu wasiovuta chochote: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven walionyesha kwamba watu wa kata ya Kasulo huko Kolwezi, na watoto zaidi ya wakubwa, walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko wa kata jirani. Kwa nini basi kushughulika na mvuke wa embe?

Pingamizi hilo lina nguvu, na jibu si kuyaacha yale makubwa. Jibu ni kwamba mapafu ni yaleyale. Mtoto wa Haut-Katanga ambaye tayari anapumua vumbi hana pafu la akiba la kuweka nikotini. Tena tumbaku imechukua miaka mia kuota mizizi, na kuing'oa ni kazi ya kizazi. Kifaa cha kutupa kimefika jana. Mche hung'olewa kwa vidole viwili.

Wengine watadai sigara ya umeme ikatazwe yote. Uganda ilifanya hivyo kwa sheria ya tumbaku ya mwaka 2015. Kwa Lubumbashi, yenye mpaka wa Kasumbalesa unaopitisha kila kitu kwa njia ya wazi na ya kificho, katazo zima lingefanya mambo mawili: lingempa mlanguzi soko lote, na lingemnyima mvutaji wa miaka ishirini chombo cha kumtoa katika tumbaku. Lililo la busara ni kukataza kile cha kutupa, na kuweka sheria kwa kile cha kujaza.

Msingi upo. Kongo iliingia mwaka 2005 katika mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya tumbaku, na sheria namba 18/035 ya tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018 juu ya afya ya umma inagusa tumbaku pia. Kinachobaki ni kusema wazi kwamba nikotini ni nikotini, iwe ya moshi au ya mvuke: isiuzwe kwa mwenye chini ya miaka 18, isiuzwe karibu na shule, isivuke miligramu 20 kwa mililita, na kila chupa iwe na jina la aliyeitengeneza. Na kwa upande wa jimbo na meya wa mji, sanduku la kukusanyia betri kuukuu katika kila soko kubwa, kuanzia soko la Kenya, si mradi wa mamilioni. Mafundi wa simu wangekuwa wa kwanza kuyajaza kama wangepewa hata pesa kidogo kwa kila kilo.

Mambo hayo yatachukua muda, na kijana bado amesimama mbele ya meza. Muuzaji mwaminifu anaweza kumuuliza maswali mawili kabla ya kutoa boksi: una miaka mingapi, na ulikuwa unavuta tumbaku? Kama jibu la la pili ni hapana, amrudishie pesa zake anunue unga au unite za simu. Kama ni ndiyo, na ni mtu mzima, ampe kile kidogo cha kujaza, amwonyeshe namba ya miligramu kwenye chupa, na amwambie mwezi ujao arudi kuchukua chupa yenye namba ndogo zaidi. Huyo atakuwa mteja wa miezi michache tu. Muuzaji atapoteza faida fulani, na mtaa utampata baba mwenye pumzi.